Portal 2, mama mdogo na sufuria iliyoungua

Nianze kwa kukiri kwamba nimechelewa. Gemu lenyewe lilitoka Aprili 2011, mimi nimekuja kulimaliza miaka kibao baadae, kwenye laptopu ya mtumba ya Kariakoo ambayo ukiiwekea gemu lolote feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Kwa hiyo ukiniambia Portal 2 imeshajadiliwa mpaka ikachakaa nakuelewa. Ila watu bado wanabishana mpaka leo, ya kwanza na ya pili ipi kali, na kila nikiwasikiliza naona kuna kitu kikubwa wanakiruka, na wanakiruka nadhani kwa sababu hawajawahi kuishi kwa mama mdogo.

Kwa ambaye hajalicheza: unamwendesha dada mmoja anaitwa Chell, haongei neno hata moja mwanzo mpaka mwisho, amefungiwa kwenye maabara kubwa ajabu ya chini ya ardhi, mali ya kampuni inaitwa Aperture Science, na mkononi ana kifaa kama bunduki kinachotoboa matundu mawili ukutani, moja la bluu na jingine la rangi ya chungwa. Ukiingia la bluu unatokea la chungwa. Basi, ndo hivyo tu, ni kama utoboe ukuta Kariakoo utokee Mbezi bila kuonja foleni. Utamu wake ni kwamba kasi uliyoingia nayo ndo hiyo hiyo unatoka nayo, kwa hiyo ukijirusha kutoka juu ukaangukia tundu lililoko sakafuni unachomoka kwenye lile la ukutani kama jiwe la manati, unavuka bonde zima hewani huku tumbo linabaki nyuma. Chumba baada ya chumba, kila chumba fumbo lake, na juu ya kichwa chako kuna sauti ya kike, tulivu, yenye adabu zote, ya kompyuta inaitwa GLaDOS, ambayo ndo inayokuongoza na ndo inayotaka ufe.

Ya kwanza ilitoka Oktoba 2007 ikiwa imebanwa ndani ya furushi la The Orange Box, pamoja na Half-Life 2: Episode Two na Team Fortress 2. Ilikuwa kama ile nyongeza anayokutupia muuza karanga. Watu wakanunua kwa ajili ya hayo mengine wakatoka wanaizungumzia nyongeza. Na wazo lake lilitoka kwa wanafunzi wa DigiPen, chuo cha Marekani cha kutengeneza magemu, waliokuwa wametengeneza kagemu kao ka chuo, Narbacular Drop, Valve, kampuni yenye Portal, ikakaona ikawabeba watengenezaji wake. Hiyo stori huwa naipenda mno, ila ngoja.

Sasa wale wa ya kwanza, na ni wengi, hoja yao ni hii: ya kwanza ni fupi, saa tatu nne umemaliza, hakuna kilichozidi, ukimya ni mwingi, unacheka huku unaogopa. Ya pili ndefu, wanaongea watu watatu na zaidi, kila kona kichekesho, na mafumbo yenyewe yamelegezwa. Nusu ya hoja hii mimi naikubali. Matundu hayatoboki kila ukuta, yanatoboka kwenye kuta nyeupe tu, na ya pili ikifika katikati inakushusha kwenye mashimo makubwa ya maabara ya zamani ambako fumbo mara nyingi sio kufikiri tena, ni kutafuta kibao cheupe kiko wapi. Kuna sehemu nilizunguka dakika arobaini, nimekasirika, najiona mjinga, kumbe kibao kiko juu kabisa gizani, na kioo changu kina vumbi. Hapo hakuna fumbo, hapo nimefichwa kitu. Wanaosema yale mashimo yanachosha wana haki yao na mimi sitawabishia.

Ila kuna malalamiko mengine ya siku zile za mwanzo ambayo hata ukiyasikia leo unacheka. Wakosoaji walikuwa wanaligawia gemu tisini na kitu, wastani wake kule Metacritic, mtandao unaokusanya alama za wakosoaji, ukasimama 95, wakati huo huo wachezaji wakawa wanalimwagia sifuri. Ukiuliza kisa: fupi, eti saa nne tu. Kisa kingine: kuna duka ndani linauza kofia za maroboti siku ya kwanza tu gemu limetoka. Kofia! Za hiari! Alafu kulikuwa na lile sakata la gunia la viazi, kampeni yenyewe iliitwa Potato Sack, Valve iliwashirikisha watengenezaji wa magemu madogo 13, wakawaambia watu kadiri mnavyoyacheza haya ndivyo Portal 2 itakavyofunguliwa mapema, watu wakakesha siku na siku, mwisho wa yote likafunguliwa masaa kama 10 tu kabla ya muda wake. Hao wa viazi mimi nawaelewa hasira zao. Wa kofia hapana.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wachezaji ndo walioliokoa hili gemu kabla hata halijatoka. Mwanzoni Valve walipanga ya pili isiwe na matundu kabisa. Isiwe na Chell, isiwe na GLaDOS, iwe stori ya miaka ya nyuma ya mwenye kampuni, Cave Johnson, na fumbo la aina nyingine. Wakaita watu wa kulijaribu. Watu wakacheza, wakauliza, haya, GLaDOS yuko wapi? Matundu yako wapi? Wakarudisha. Wakajaribu tena na mhusika mpya badala ya Chell, watu wakanuna kwa sababu GLaDOS anaamka hamtambui anayecheza, na wao walikuwa wanataka atambue. Fikiria hilo kidogo. Watu walitaka mtu waliyemuua kwenye gemu la kwanza aamke, awatazame usoni, na awakumbuke. Walikuwa wanataka kusemwa.

Na hapo ndo namrudia mama mdogo.

Mwaka wangu wa kwanza wa chuo nilifikia kwake Mbagala. Mama mdogo ni mtu mwema, hili niliweke wazi, alinipokea, alinilisha, godoro nililolalia alininunulia yeye. Ila mama mdogo hasemi kitu moja kwa moja. Wiki ya pili niliweka maharage jikoni nikapitiwa na usingizi, yakaungua, ikaungua na sufuria yenyewe, ile kubwa anayopikia wageni, ikawa nyeusi nje mpaka ndani. Nilisubiri kugombezwa. Alisema "haya" tu. Kesho yake niko chumbani, dirisha wazi, namsikia uani anaongea na jirani, sauti ya kawaida kabisa: "Mwenzangu, siku hizi wageni nawaambia waje wameshiba, sufuria yangu imeenda chuo." Nikasikia jirani anacheka. Mimi nimeshika daftari, nalitazama tu.

Ikawa ndo hivyo. Sukari ikiisha, sukari imeenda chuo. Umeme ukikatika usiku luku imekwisha, nayo imeenda chuo. Hakuna siku hata moja aliyoniambia wewe mtoto umeniharibia sufuria. Angeniambia ningeomba msamaha yakaisha. Ndo maana hakuniambia.

Sasa njoo kwa GLaDOS. Gemu la pili linaanza Chell anaamka baada ya miaka isiyojulikana mingapi, majani yameota ndani ya maabara, na kwa bahati mbaya yeye na karoboti kamoja kaduara kanaitwa Wheatley wanamwasha yule waliyedhani amekufa. Anainuka taratibu, vyuma vinalia, anamtazama. Na hapigi kelele. Anaongea kama mtu mliyepotezana tu, kwamba ni muda mrefu, kwamba yeye alikuwa na shughuli nyingi za kuwa marehemu, si unakumbuka uliniua, ila yaliyopita tuyaache. Hayaachi hata dakika moja! Kila chumba unachotoka ana neno. Majibu ya vipimo yametoka, yanaonyesha wewe ni mtu mbaya, na hicho hata hatukuwa tunakipima. Umenenepa kidogo, sio vibaya. Anakuandalia zawadi, anakuachia dalili vyumba kadhaa kwamba kuna watu wawili wana ukoo mmoja na wewe, unaanza kuwaza wazazi, inafika siku ya zawadi anakwambia nilikuwa natunga tu.

Nacheza hiyo sehemu jioni moja sebuleni, spika zimefunguliwa kwa sababu earphone zilikuwa zimekufa upande mmoja, mama mdogo anapita na upawa. Kiingereza anakisikia, alifanya kazi hotelini miaka.

"Huyu mama anamsema nani?"

"Ni kompyuta, mama. Inamsema huyu dada."

"Amemfanyia nini?"

"Alimuua."

"Nani alimuua nani?"

"Dada alimuua kompyuta."

Akasimama kidogo, upawa unadondosha mchuzi sakafuni (baadae hiyo nayo ikawa yangu). "Basi ana haki ya kusema," akaenda zake.

Hapo ndo nikaona kitu. Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Fumbo la kuumiza kichwa ni fumbo, na fumbo la kusemana ni fumbo. Portal 2 ni gemu la mafumbo kwa maana zote mbili kwa pamoja, mikono inafumbua moja na masikio yanafumbua jingine, na wanaolalamika kwamba ya pili inaongea sana mimi naona wamelicheza kwa mikono tu. Ya kwanza GLaDOS anakufumbia kidogo, ni kama mwenyeji usiyemjua. Ya pili mnajuana. Kijembe cha mtu mnayejuana sio sawa na kijembe cha mtu baki, hata ukiwauliza waimbaji wa taarabu watakwambia, mpasho unataka historia.

Na historia ndo wanaipeleka mbali kuliko nilivyotegemea. Wheatley, yule kaduara, sauti yake ni ya Stephen Merchant, Mwingereza yule anayeongea kama amechelewa basi, maneno yanajikwaa, utani wake wa kwanza kabisa ni mzuri mno: anakuomba uongee, useme neno lolote kuonyesha ubongo uko sawa, sema tufaha, kioo kinakuandikia bonyeza hapa kuongea, unabonyeza, Chell anaruka. Anakuomba tena. Unaruka tena. Anahitimisha kwamba umeathirika kichwani ila anaficha asikuudhi. Basi huyu huyu mpole, mnasaidiana, mnafanikiwa kumng'oa GLaDOS mnamweka yeye kwenye kiti, na dakika hiyo hiyo anabadilika. Anamchukua GLaDOS anambandika kwenye kiazi. Kiazi kabisa, kiazi mviringo, kinachotoa umeme kidogo wa kumfanya aongee. Alafu anawapiga chini wote wawili, wewe na kiazi, mnaanguka shimo refu mpaka misingi ya maabara, na huko chini ndege anakibeba kiazi anaenda kukidonoa.

Wengi wanasema hapo ndo gemu lilipopoteza makali, kwamba adui mwerevu wa kutisha ametolewa amewekwa mjinga wa kuchekesha. Nimesikia hii mara nyingi na naikataa kabisa. Mjinga aliyekabidhiwa funguo anatisha kuliko mwerevu yeyote. GLaDOS akitaka kukuua kuna mpango, unaweza kuufuata mpango ukaukwepa. Wheatley maabara inamlipukia mkononi, ving'ora vinalia, mitambo inachemka, yeye anazima king'ora. Kila mtu amewahi kuongozwa na Wheatley, kuanzia kiranja wa bweni kwenda juu.

Kumbe, na hili GLaDOS ndo anamwambia usoni, Wheatley hakuharibika, alitengenezwa hivyo. Mainjinia walimtengeneza makusudi awe mjinga wakamfunga kwenye kichwa cha GLaDOS awe anamtolea mawazo mabovu mfululizo ili kumpunguza kasi. Sauti aliyokuwa anaisikia kichwani miaka yote ndo hii. Na jamaa linamuuma kuitwa mjinga kuliko kitu chochote.

Kuna sehemu mbili hapa ambazo mimi ndo sababu naandika.

Ya kwanza. Mdogo wangu Zuu, binti wa mama mdogo, alikuwa na miaka kumi na moja, kila nikicheza anakaa pembeni namtafsiria, kama wale wa kibanda umiza wanaotafsiri muvi, na mimi naongeza chumvi zangu. Imefika Wheatley yuko kwenye kiti, amemzoea GLaDOS anavyosema watu, na yeye anataka kusema watu. Anajaribu. Anatoa tusi la unene, anakwama, anaongeza la kutokuwa na wazazi, anaviunganisha vyote, bonge wewe, bonge usiye na wazazi, anasubiri uumie. Kimya. Alafu kiazi, yule yule aliyekusema wewe huna wazazi vyumba kumi na kitu, kiko kwenye ncha ya bunduki yako sasa, kinauliza: kwani kuna ubaya gani mtu kulelewa na watu? Wheatley anababaika. Na hapo hapo kiazi kinakunong'oneza kwamba kwa kumbukumbu tu, ni kweli ulilelewa na watu, na ni aibu kubwa, ila kwa sasa tushirikiane.

Zuu alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Mimi nilicheka alafu nikanyamaza, maana siku chache nyuma jirani yule yule wa uani alikuwa ameropoka kwamba watoto wa siku hizi wanakula bure kwa ndugu, na mama mdogo, kwa ile ile sauti ya kawaida, akamuuliza kwani anakula kwako?

Hiyo ndo tofauti ya tusi na fumbo. Wheatley ana maneno yale yale ya GLaDOS, hajapunguza hata moja, ila hayaumi kwa sababu hayana mtu ndani yake.

Ya pili ni ile ya sentensi. GLaDOS akiwa kiazi anapanga kumuua Wheatley kwa fumbo lenyewe, unajua zile za kuchoma akili ya kompyuta, anamtupia: sentensi hii ni ya uongo. Anajihatarisha hata yeye mwenyewe, anajizuia asiiwaze. Maabara ina vibunduki vinavyojiendesha vyenyewe na kuongea, na vile ambavyo Wheatley amevivalisha maboksi, vijinga vyenyewe, vinasikia vinalipuka cheche vinakufa. Wheatley anafikiria sekunde moja. Kweli, anajibu. Mimi nasema kweli, rahisi hiyo. Na hajapata hata mafua. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na mimi nilikuwa nadhani nauelewa huo msemo. Hawakusema mjinga akifumbiwa anaweza akapita katikati ya fumbo akatokea upande wa pili mzima kama ameingia tundu la bluu.

Cave Johnson simpi nafasi kubwa maana kila mtu ameshamsifia, sauti aliyopewa na mwigizaji J.K. Simmons inatosha. Ila stori ya kampuni inavyosimuliwa na kuta naomba muitazame vizuri mkirudia. Kampuni ilianza kwa kuuza mapazia ya bafuni. Unapanda kutoka chini kwenda juu, na kila unavyopanda unaingia miaka mingine. Hamsini wanaojaribiwa ni wanaanga, mashujaa wa vita na wanamichezo wa Olimpiki. Sabini wameshafika kuokota wasio na makazi kwa dola 60. Themanini wanajaribu wafanyakazi wao wenyewe. Viti vinakuwa vya hovyo, sauti ya mzee inakuwa na kikohozi. Hakuna mtu anayekusimulia kwamba walifilisika, unatembea tu ndani ya kufilisika. Na pembeni yake kwenye zile rekodi kuna katibu wake, Caroline, anasema ndiyo bwana Johnson, na kiazi mkononi kwako kinaitikia naye neno kwa neno bila kupenda, kinashtuka kimetoa wapi hayo maneno. Siku ya kwanza nilipita hapo naangalia kibao cheupe. Mara ya pili ndo nikasikia. Sauti zote mbili ni za Ellen McLain, mama aliyesomea kuimba opera, na kile kigugumizi kidogo cha kiazi hapo, jamani.

Kucheza wawili wawili watu wengi wanasema ndo bora kuliko stori yenyewe, mimi sina hakika, ila tulicheza na Zuu kwa pedi ya kuazima, kioo kimegawanywa kati, maroboti mawili, moja nene moja refu, na GLaDOS juu anawagombanisha kwa kugawa pointi, huyu plasi, huyu mainasi, kwa sababu za kutunga. Pointi hazina kazi yoyote. Nilimwambia Zuu hazina kazi. Aliziandika kwenye daftari la Hisabati.

Sasa mwisho, na kama hujamaliza gemu ishia hapa.

Huko chini kwenye mashimo kuna majimaji ya rangi, la bluu linadundisha, la chungwa linateleza unakimbia kama pikipiki, na hilo wazo nalo lilitoka kwa wanafunzi wengine wa DigiPen, gemu lao liliitwa Tag: The Power of Paint, Valve haijaacha tabia yake. La tatu ni jeupe, likimwagikia ukuta wowote ukuta unakubali tundu. Kwenye rekodi moja mzee Johnson anaeleza lilikotoka: alinunua mawe ya mwezini ya dola milioni 70, akayasaga, kumbe unga wa mwezi unashika matundu vizuri kuliko kitu chochote, na kumbe ni sumu, ndo unaomuua. Ni utani, unapita, unaendelea na safari. Nilimtafsiria Zuu nikaongeza kwamba mzee alikula mwezi.

Masaa mengi baadae, vita ya mwisho na Wheatley, kila kitu kinawaka, umelipuliwa uko chali sakafuni, dari limefumuka, na unaona mbingu. Usiku. Chell anainua bunduki kidogo. Hakuna anayekwambia ufanye nini. Mimi nimeganda, natafuta kibao cheupe ukutani kwa mazoea, feni inalia, nahisi laptopu itazima. Zuu akapiga kelele sikioni kwangu: "Mwezi! Si mweupe! Mwezi!"

Nikapiga mwezi.

Inachukua sekunde kadhaa, kakitu kadogo kanang'aa kule mbali, alafu hewa yote ya chumba inavutwa, na mmetokea mwezini. Sijawahi kuona gemu likifanya kitu kama kile, na aliyelifumbua ni mtoto ambaye hakushika hata kitufe, alisikiliza tu. Kwa hiyo ukiniambia maneno ya ya pili yanaharibu mafumbo nitakuuliza wewe mwezi uliujuaje.

Wheatley anabaki huko angani anaelea, anajuta. GLaDOS anamvuta Chell ndani, kwa muda kidogo sauti yake inakuwa ya mtu aliyekuwa na wasiwasi, alafu anasema amegundua Caroline anaishi sehemu gani ya kichwa chake, asante kwa somo, anamfuta. Au anasema amemfuta, wachezaji wanabishana hapa mpaka leo na mimi niko upande wa wasioamini. Anakwambia kukuua ni kazi ngumu, njia rahisi ni uondoke. Lifti inapanda, vile vibunduki vinakuimbia opera, mlango unafunguka uko kwenye shamba la ngano chini ya jua. Mlango unabamizwa nyuma yako. Unafunguka tena, linatupwa boksi lenye alama ya moyo, lile aliloamuru ulichome moto kwenye gemu la kwanza, lina masizi. Mlango unafungwa.

Kuhusu ya tatu sina la kusema zaidi ya kwamba Erik Wolpaw, mmoja wa waandishi wake, amewahi kusema hadharani waianze tu maana hawazidi kuwa vijana. Na mimi laptopu yangu haizidi kuwa mpya.

Mwaka jana nikapata kazi Dodoma. Siku ya kuondoka mama mdogo hakuja kunisindikiza, alisema mgongo unambana, akasema na unga sasa utakaa kaa. Zuu alilia, yeye akaingia ndani. Niko stendi Mbezi, nimeshapata siti, kondakta anahesabu watu, bodaboda anakuja dirishani anauliza jina langu ananipa kiroba kizito. Nikafungua. Sufuria. Ile ile, nyeusi vile vile, hata hakuisugua, na ndani yake kilo mbili za maharage na kitambaa juu.

Nikampigia simu.

"Imeshahitimu hiyo," akasema, "mimi nikae nayo ya nini."